SOMO LA MASHINI: Maji mu chupa ya kunasa mafuta wakati wa baridi



Kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala, inaanza kuchacha na bei inashuka. Kwa hiyo moteri ya mashini ya kumenya, na ile ya gari linaloshusha kahawa toka mlimani, tuzilinde sawa na shamba lenyewe. Leo tunaangalia kifaa kimoja kidogo: chupa ya kunasa mafuta.

Kazi yake ni nini?

Moteri ikizunguka, sehemu ya moshi inapenya kando ya pistoni na kushuka kule mafuta yanapokaa. Lazima upate njia ya kutoka. Unapitia tiyo ya kupumulia, ukibeba matone ya mafuta. Kwa moteri zingine, tiyo hiyo inaingia mu chupa inayonasa matone hayo.

Baridi inaleta nini?

Lita 1 ya mazutu ikiungua inazaa karibu lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Mwingi unatoka na moshi; kidogo kinashuka kwenye mafuta. Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji, kama vile mfuniko wa sufuria unavyotoa jasho. Hapa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, baridi ya alfajiri inatosha kwa hiyo. Maji na mafuta vikichanganyika, mu chupa kunakuwa uji mweupe kama maziwa.

Katika nchi za barafu kama Kanada, maji hayo yanaweza kuganda ndani ya tiyo na kuiziba. Kwetu hayagandi, lakini uji mzito nao unaweza kuziba. Hapo moshi unakosa njia, unasukuma mafuta yatoke kwenye jointi. Mafuta yakipunguka bila mtu kujua, moteri inakwama katikati ya mavuno.

Tufanye nini?

1. Asubuhi, tuiache moteri izunguke polepole dakika 3 hadi 5, kisha tuipe kazi. Kuiwasha saa nzima bila kazi hakuipashi vizuri.
2. Tusiiwashe dakika chache na kuizima, mara kwa mara. Tukusanye kahawa ya kutosha kwanza. Moteri ikipata moto vizuri, mvuke unatoka wenyewe.
3. Wakati wa baridi na mvua, tumwage chupa kila juma, na tupulize tiyo kuona kama iko wazi. Moteri iwe imezimwa na kupoa.
4. Chupa isifungwe kabisa; lazima iwe na tundu la hewa.
5. Mafuta ya mu chupa tusiyarudishe mu moteri, wala tusiyamwage chini. Mito yetu inashuka Semliki, na watu wanakunywa maji hayo. Tuyaweke mu bidoni.

Wakati gani kumwita fundi?

Uji mweupe kidogo mu chupa tu, hiyo ni baridi. Lakini tuchomoe fimbo ya kupimia mafuta: kama mafuta yote yamekuwa meupe, au maji ya radiatere yanapunguka kila siku, jointi ya kichwa cha moteri inaweza kuwa imeungua. Tuizime, tumwite fundi kabla ya kuiwasha tena.

Kazi ya kikundi: Kwenu, nani anafungua chupa hiyo, na siku gani? Chagueni mtu mmoja, na aandike mu daftari kila mara alichokuta ndani.