Kiungo cha Bomba la Kiyoyozi: Kani, Eneo na Pete ya Mpira

Kiyoyozi cha sehemu mbili, yaani kile ambacho sanduku lake moja hutundikwa ukutani chumbani na la pili huwekwa nje ya nyumba, ni chombo kilichokwisha kuzoeleka katika miji ya pwani kama vile Dar es Salaam na Mombasa. Masanduku hayo huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba nyekundu. Jembamba huwa na kipenyo cha nje cha milimita 6.35, nene huwa na milimita 9.52 au 12.7. Ndani yake huzunguka dutu ambayo mafundi huiita gesi, ingawa safari yake nusu huwa ni kimiminika na nusu mvuke. Kiwandani kila sanduku hukamilishwa kwa mitambo na kupimwa. Viungo vya mabomba, kinyume chake, hufanywa na fundi aliye juu ya ngazi, jua likimchoma, na ndivyo vinavyovuja mara nyingi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka kanuni moja ya mvuke. Maadamu kimiminika na mvuke wake vimo pamoja katika chombo kilichofungwa, kanieneo hutegemea jotoridi peke yake, wala si wingi wa dutu iliyomo. Katika nyuzi 30 za Selsiasi, gesi ya zamani iitwayo R-22 ina kanieneo cha baa 12 hivi. R-410A, iliyoshika nafasi yake, ina baa 19 hivi, na R-32 haipungui hapo. Kwa hiyo kiungo hubeba mzigo huo usiku na mchana, hata mashine ikiwa imezimwa. Tena, gesi yaweza kuvuja hadi nusu yake na geji ya mashine iliyozimwa isionyeshe mabadiliko yoyote, kwa kuwa kimiminika kilichobaki hujaza pengo kwa mvuke mpya. Fundi anayesoma geji ya namna hiyo na kutangaza kwamba gesi imetosha hajapima kitu. Kipimo cha haki ni mizani.

Njia ya kwanza ya kuunga, iliyo ya kawaida zaidi, ni kutanua mdomo wa bomba uwe kama wa tarumbeta, kwa pembe ya nyuzi 45, kisha kuubana kwa nati ya shaba njano juu ya koni. Hapo chuma hukutana na chuma, na shaba laini hujazia mikwaruzo midogo. Lakini nati hutaka kukazwa kwa kadiri: newtoni-mita 15 hivi kwa bomba jembamba, na 50 hivi kwa lile la milimita 12.7. Ikilegea, huvuja, ikizidishwa, mdomo hukatika. Spana ya kupimia mkazo ipo, ila si kila fundi anayo, na wengi hutegemea hisia ya mkono.

Njia ya pili ni kulehemu kwa aloi ya shaba na fosfori, ambayo huyeyuka katika nyuzi 640 na zaidi. Kiungo chake ni imara kuliko vyote. Hata hivyo, shaba ikipashwa moto kiasi hicho penye hewa, huota magamba meusi ya oksaidi ndani ya bomba, nayo hubanduka na kuziba vijia vyembamba. Ndiyo sababu naitrojeni hupitishwa polepole ndani wakati wa kulehemu. Isitoshe, R-32 inaweza kuwaka, ijapokuwa kwa shida, na propani, ambayo nayo hutumika siku hizi kama R-290, huwaka upesi. Kuwasha moto penye mabaki ya gesi hizo ni hatari.

Njia ya tatu ni mpya katika kazi hii: kiungo cha kusukuma. Fundi huingiza bomba katika tundu la kiungo hadi likome, na kazi imekwisha, bila moto wala nati. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti, nazo zisichanganywe. Pete ya chuma cha pua yenye meno yaliyoinamia ndani hulizuia bomba lisirudi nyuma. Kila linapovutwa, meno huzama zaidi katika shaba. Pete ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi, huzuia gesi isipite.

Meno hayo hubeba kani gani? Kani ni kanieneo mara eneo. Katika majaribio, mabomba hujazwa naitrojeni hadi baa 40 hivi, yaani newtoni 4 kwa kila milimita ya mraba. Bomba la milimita 6.35 lina eneo la milimita za mraba 31.7, basi husukumwa nje kwa newtoni 127. Lile la milimita 12.7 lina eneo la 126.7, na kani yake ni newtoni 507, ambayo ni uzito wa mtu mzima wa kilo 52 akining'inia kwenye bomba. Kipenyo kimezidi mara mbili tu. Kani imezidi mara nne.

Oringi nayo ina tabia ya ajabu. Gesi inapoisukuma, mpira hubanwa kwenye kona ya mfereji wake na kukandamiza kuta kwa nguvu zaidi, hata ikawa adui mwenyewe ndiye anayeufunga mlango. Haya hutegemea mpira uwe mnyumbufu. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kiliangamia sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa, kwa kuwa oringi za roketi yake zilikuwa zimekakamaa kwa baridi ya asubuhi ile. Mwanafizikia Richard Feynman alilionyesha jambo hilo hadharani kwa kuchovya kipande cha mpira ule katika maji ya barafu. Viungo vya viyoyozi hutumia mpira wa namna nyingine, unaovumilia baridi na mafuta ya kompresa, wa jamii ile itumikayo katika viyoyozi vya magari. Hata hivyo mpira si chuma: gesi hupenya ndani yake kidogo kidogo, nao huzeeka.

Kwa hiyo wasemao kwamba kiungo cha kusukuma hakihitaji ufundi wamekosea. Ufundi umehama tu kutoka kwenye moto kwenda kwenye maandalizi. Bomba likatwe kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, maana unga wa shaba huingia ndani. Ncha zikwanguliwe, kwani ukingo mkali huchana oringi. Mchirizo unaokwenda kwa urefu wa bomba ni mbaya kuliko unaolizunguka, kwa sababu ule wa kwanza ni mfereji unaopita chini ya oringi kutoka ndani hadi nje. Tena shaba laini inayouzwa ikiwa imeviringishwa huwa imebonyea kuwa kama yai, na oringi haiwezi kulijaza pengo lisilo sawa. Mwisho, alama ya kina ipigwe juu ya bomba kabla ya kulisukuma, la sivyo hakuna ajuaye kama limefika.

Baada ya hapo huja jaribio la naitrojeni, pamoja na povu la sabuni kwenye kila kiungo. Oksijeni isitumike kamwe, maana ikikutana na mafuta katika kanieneo kikubwa hulipuka. Wapo wanaotegemea pampu ya ombwe pekee kugundua uvujaji. Pampu ni ya lazima kwa kuondoa hewa na unyevu, lakini ombwe hutoa tofauti ya baa 1 tu na huvuta kuelekea ndani, ilhali mashine itafanya kazi kwa kusukuma nje mara nyingi zaidi ya hapo.

Kilo moja ya R-410A ikipotelea angani hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa muda wa miaka 100. R-32 ni 675. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizozaa makubaliano ya Kigali, Rwanda, Oktoba 1986 ikiwa imekwisha kupita miaka 30: yalifikiwa mwezi huo wa 2016, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi bomba la milimita 9.52 ambalo halikufanyiwa hesabu hapo juu, watafute kani yake katika baa 40, kisha waeleze kwa nini geji ya kiyoyozi kilichozimwa, kilichopoteza theluthi moja ya gesi, haionyeshi tofauti saa sita mchana, bali huonyesha tofauti baina ya mchana na usiku.