NYANYA ZENYE KINGA YA MINYOO FUNDO



Je, umewahi kuona nyanya zako zikinyauka mchana, hali udongo una maji? Majani yanageuka manjano. Miche inadumaa. Matunda ni madogo. Usikimbilie kununua dawa. Chimbua mche mmoja polepole, utazame mizizi yake. Ukiona mafundo mafundo, shamba lako lina minyoo fundo.

Minyoo hii ni midogo mno, ni vigumu kuiona kwa macho. Huingia kwenye ncha za mizizi na kunyonya chakula cha mmea. Pale inapokaa, mzizi huvimba. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa.

Usichanganye mafundo haya na vinundu vya mizizi ya maharage. Vinundu vya maharage hubanduka kwa urahisi, navyo husaidia kurutubisha udongo. Fundo la minyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Je, minyoo hii huingia tumboni mwa mtu? Hapana. Ni minyoo ya mimea tu. Osha nyanya kwa maji safi, ule. Hatari kwa afya ni sumu kali zinazotiwa ardhini ili kuiua. Sumu hizo zaweza kumdhuru mkulima, watoto wake na maji ya kisima.

Kinga ya kurithi

Mtoto hurithi sura ya wazazi wake. Mimea nayo hurithi kinga. Katika miaka ya 1940, wataalamu wa Marekani walichukua kinga hii kutoka nyanya-mwitu ya Amerika ya Kusini, wakaiingiza katika nyanya za kulimwa. Mnyoo ukiingia katika mzizi wa nyanya yenye kinga, sehemu ndogo ya mzizi iliyo karibu na kichwa chake hufa upesi. Mnyoo hukosa chakula, hauwezi kukua wala kuzaa.

Lakini kinga hii ina mipaka. Joto la udongo likizidi nyuzi 28, hulegea. Tena haizuii kila aina ya minyoo fundo.

Fanya hivi:

1. Tafuta mbegu yenye herufi N kwenye paketi, kama Roma VFN. Herufi N ni alama ya kinga ya minyoo.
2. Otesha miche kwenye udongo usio na minyoo.
3. Tandaza nyasi kavu ili udongo usipate joto kali.
4. Usirudie nyanya, bilinganya au bamia mahali pale pale. Panda kwanza marejea au karanga.
5. Baada ya mavuno, ng'oa mizizi yote uichome. Osha jembe lako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Utatofautishaje fundo la minyoo na kinundu cha maharage?
2. Kwa nini mbegu yenye kinga ni bora kuliko sumu?
3. Kwa nini kinga peke yake haitoshi?