Baridi Mbili za Mlima Kenya na Miche Michanga ya Mawaridi

Mkulima anayeanza kilimo cha mawaridi katika maeneo ya juu ya Meru na Embu hutumia fedha nyingi kabla ya kuvuna hata shina moja. Miche iliyobebeshwa hununuliwa, vitanda huchanganywa na samadi, mabomba ya matone hutandazwa, kisha husubiri. Miezi mitatu au minne ya kwanza ndiyo ya hatari: mizizi bado ni mifupi, machipukizi ni mororo, na pale mche ulipobebeshwa hapajakomaa. Mche ukifa wakati huu, husemwa kwamba umeuawa na baridi. Kauli hiyo haitoshi. Mlima huu una baridi za aina mbili, na kinga ya moja inaweza kuwa madhara kwa nyingine.

Baridi ya kwanza ni ile ya Juni hadi Agosti, ya ukungu na manyunyu. Wakazi wa Kianjokoma na sehemu za juu za Manyatta na Runyenjes kule Embu wanaifahamu vyema, na vivyo hivyo wale wa Imenti Kusini karibu na msitu. Jua laweza kupotea siku kadhaa. Hata hivyo, usiku hauwi na baridi kali sana, kwa sababu mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee angani, kama blanketi. Kinachoangamiza mche hapa ni unyevu. Jani linalokaa na maji saa nyingi katika hewa ya baridi huwa makao ya kuvu.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi katika msimu huu ni ukungu wa chini ya jani. Madoa ya zambarau au mekundu yaliyoiva hutokea juu ya jani, mara nyingi yakifuata mishipa yake, na chini huweza kuonekana utando mwembamba wa kijivu. Majani huanza kupukutika yakiwa bado na rangi ya kijani, na mche mchanga unaweza kubaki uchi katika siku chache. Usichanganywe na ukungu wa unga, ambao hupaka majani na machipukizi unga mweupe na haupendi majani yanayoloa kila mara. Pia kuna kuvu ya kijivu, inayoingia kupitia vidonda vya kupogoa.

Kinga kubwa dhidi ya baridi hii ni hewa. Miche isibanane. Maji yapewe mizizi asubuhi, wala si jioni, na yasimwagwe juu ya majani. Majani yaliyoanguka yaokotwe na kuondolewa shambani. Mwenye kivungulio hushawishika kufunga pande zote mchana kutwa ili joto lisitoke, lakini akifanya hivyo huufungia unyevu pamoja na miche yake. Pande zifunguliwe mara umande unapoanza kupungua. Ikilazimu kunyunyizia dawa, iwe ile iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB) kwa matumizi ya mawaridi, na aina zibadilishwe ili kuvu isizizoee.

Baridi ya pili ni ya anga safi. Hii ni ya Timau, Kibirichia na maeneo mengine ya juu ya Buuri, upande wa kaskazini wa mlima ambako hewa ni kavu zaidi. Wakulima wa viazi wanaijua: mtu hulala shamba likiwa la kijani, akaamka na kukuta majani yamekuwa meusi kama yaliyochemshwa. Hiyo ni jalidi, yaani umande ulioganda. Huja hasa Januari na Februari, usiku usio na mawingu wala upepo, ingawa hata katikati ya mwaka usiku mmoja wa anga safi unatosha. Jani hupoteza joto kuelekea angani haraka kuliko hewa inayolizunguka, hivyo laweza kuganda hata kama kipimajoto kilichoning'inizwa ukutani kinaonyesha nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri.

Hapa kinga ni kufunika. Magunia au neti ya kivuli yatandazwe jioni juu ya fito, yasiguse majani, kisha yaondolewe asubuhi. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo kitanda kinyweshwe mapema siku ambayo usiku wake unatiliwa shaka. Matandazo ya nyasi kavu, ambayo ni mazuri kwa kuhifadhi maji, huzuia joto la udongo lisipande hadi kwenye mche. Yasogezwe kando kabla ya usiku huo. Aidha, hewa baridi hutiririka kama maji kuelekea bondeni. Kitalu kisiwekwe chini kabisa ya mteremko, wala ua mzito wa miti usipandwe upande wa chini wa shamba, kwani hewa hiyo itakwama humo.

Soko nalo lina mtego wake. Anayelenga Siku ya Wapendanao, Februari 14, hukata mawaridi yake mwishoni mwa mwaka ili yachipuke kwa wakati, na machipukizi hayo mororo hukutana uso kwa uso na usiku wa Januari. Kwa miche ambayo haijatimiza mwaka, ni afadhali kuiacha ijenge mizizi na shina kuliko kuifukuzisha bei ya siku moja. Mbolea nyingi ya nitrojeni kabla ya baridi huleta hatari hiyo hiyo.

Baadhi ya vitabu vya Ulaya humwambia mkulima afukie sehemu iliyobebeshwa kwa kichuguu cha udongo. Huko ardhi huganda kwa wiki nyingi na waridi hulala. Kwetu waridi halilali, na udongo mbichi ukilundikwa shinani wakati wa manyunyu huozesha shina.

Jalidi ikishapiga, kisu kisikimbiliwe. Mkulima asubiri wiki moja au mbili mpaka ionekane ni vichomozo vipi vilivyo hai, ndipo akate hadi palipo na kijani. Kama ni madoa yasiyoeleweka, majani machache yenye dalili yapelekwe kwa afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo, yakiwa yamefungwa kwa gazeti kavu. Ndani ya nailoni huoza njiani, na ugonjwa wenyewe hautambuliki tena.