Uchachu wa Pombe ya Mtama

SWALI: Ndugu yangu aishiye Ubelgiji hunisifia bia chachu za Flanders, ilhali hapa Tabora pombe ya mtama ikichachuka twaambiwa imeharibika. Nani mkweli? Msomaji, Tabora.

JIBU: Uchachu si ila, ndugu msomaji, la kujua ni asili yake. Kiwanda cha Rodenbach mjini Roeselare, huko Flanders, kilichoasisiwa mwaka 1821, huilaza bia katika mapipa makubwa ya mwaloni kadiri ya miaka 2, hata ipate ukali unaokaribia siki, kisha huichanganya na bia changa. Bali pombe ya Unyamwezi, ambayo Burton, msafiri Mwingereza aliyewasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, pamoja na msafara wake Novemba 1857, aliiandika habari zake, huchachuka kwa siku chache tu, kwa kuwa uji wa mtama hugeuzwa na vijidudu vya jamii ile igandishayo maziwa, na hunywewa ingali ikifura.

Basi ukipewa kata, usifanye pupa. Itikise, maana machicha ni sehemu ya unono wake. Inuse, na ukipata harufu ya uji mchachu na kimea, stahabu. Kisha iache ulimini kitambo, upate kutambua, baada ya uchachu ukatao kiu, ule ukakasi wa mtama mwekundu, ambao kwangu ndio fahari yake. Lakini ikikuchoma pua na koo kama siki, hewa imekwisha kuifisidi, nao waliokuonya wamesema kweli, kwani hii haikupikwa ili ilazwe.