KUPONA SI MWISHO WA SAFARI: Mionzi ya kifua na saratani ya matiti



Somo la robo hii linahusu wanawake waliopona limfoma ya Hodgkin. Hii ni saratani ya tezi, huanza mara nyingi shingoni, kwapani au kifuani, na huwapata hata vijana. Tangu miaka ya 1960, kutokana na kazi ya madaktari Henry Kaplan na Saul Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wagonjwa wengi walianza kupona kwa kupigwa mionzi mikali sehemu hizo.

Madhara yalionekana baadaye. Mwaka 1993 madaktari wa Stanford walitoa taarifa ya wanawake 885 waliotibiwa huko. Kati yao 25 walikuwa wamepata saratani ya matiti, yaani mara 4 ya ilivyotarajiwa. Walioathirika zaidi ni waliotibiwa wakiwa wasichana. Kwa waliotibiwa baada ya umri wa miaka 30, hatari haikuongezeka.

Kwa nini iwe hivyo? Mionzi huua chembe za saratani, lakini hugusa pia chembe za titi zilizo njiani. Titi la msichana bado linakua, hivyo hudhurika kwa urahisi. Kwa kawaida saratani hii huanza kuonekana miaka 8 hadi 10 baada ya tiba, na hatari hudumu miaka mingi. Binti aliyetibiwa akiwa na miaka 17 anaweza kuugua kabla ya kufika 40, umri ambao wengi hawaifikirii saratani ya matiti.

Mwaka 2003 Wizara ya Afya ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwatafuta wanawake waliopigwa mionzi ya kifua wakiwa vijana, ili waelezwe na kuchunguzwa. Kazi ya namna hii hutegemea kumbukumbu: asiyejulikana alipata tiba gani hawezi kuitwa. Nchini Marekani, miongozo ya kuwafuatilia waliopona saratani utotoni hushauri wapimwe matiti kila mwaka kwa mamografia na MRI, kuanzia miaka 8 baada ya mionzi au umri wa miaka 25, kutegemea lipi linachelewa kufika.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Mgonjwa aliyeandikiwa mionzi asiikatae; limfoma isiyotibiwa huua. Siku hizi dozi ni ndogo zaidi, eneo linalopigwa ni dogo, na dawa za saratani hufanya sehemu kubwa ya kazi. Wala tusichanganye tiba hii na picha ya eksirei ya kifua, ambayo mionzi yake ni kidogo sana.

Hapa Tanzania tiba ya mionzi hutolewa katika hospitali chache, zikiwemo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mgonjwa akipona hurudi kijijini, na mara nyingi jalada la msaada hufungwa. Ndipo kamati inapohitajika:

1. Kumhimiza aombe muhtasari wa tiba wenye aina ya mionzi, sehemu iliyopigwa, dozi na mwaka. Nakala itunzwe kwa siri, kwa ridhaa yake.
2. Kumkumbusha amwulize daktari aanze lini kupimwa matiti, na asisubiri miadi akiona uvimbe.
3. Kumtafutia nauli ya kwenda hospitali kubwa kila mwaka.

Kwa wafadhili wetu: nauli hiyo haina picha ya kuvutia kama jengo jipya, lakini saratani ya matiti ikigunduliwa mapema, matumaini ya kupona huwa makubwa zaidi.

Maswali ya kujadiliana
- Je, katika jumuiya zetu kuna mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya tezi? Ana karatasi zake?
- Bajeti yetu ya wagonjwa inamkumbuka aliyepona?