Tuanzie Chooni

Kamati nyingi za shule zikiambiwa ziandae mazingira ya mwanafunzi mwenye ulemavu, hujenga mteremko kwenye mlango wa ofisi na kuishia hapo. Anzeni chooni. Mtoto wa kiti mwendo asiye na choo anachoweza kuingia hushinda na kiu asubuhi nzima ili asibanwe, au huacha kabisa kuja. Kwa msichana aliyevunja ungo mateso huzidi.

Jengo jipya si lazima. Chagueni choo kimoja, mlango upanuliwe ufike sentimita 90 na ufungukie nje. Ndani pabaki nafasi ya kiti kugeuka, kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Fundi ajengee pa kukalia, afunge vyuma vya kujishikia ukutani, na komeo aliweke chini, aliyekaa alifikie. Maji na sabuni viwe humo humo. Ufunguo usifungiwe ofisini.

Mteremko nao una kipimo: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180. Ukifupishwa, kiti hurudi nyuma na mtoto huanguka. Sakafu yake iachwe na mikwaruzo, isiteleze wakati wa mvua. Darasa likiwa ghorofani, mkondo mzima uhamie chini. Hilo halihitaji saruji.

Darasani kazi ni ya mwalimu. Mwanafunzi kiziwi akae anapomwona mwalimu usoni, na mwalimu asizungumze huku ameuelekea ubao. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu: akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, aruhusiwe kofia na kusogea ubaoni. Kwa asiyeona, kila kinachoandikwa kisomwe kwa sauti. Wakati wa usajili wa mtihani, ulemavu wa asiyeona au mwenye uoni hafifu utajwe, ili aandaliwe karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuandikishwa shuleni kama wenzake. Mzazi, ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, uzipeleke kwa afisa elimu wa halmashauri. Na usingoje Januari: mwandikishe mapema, ukaieleze shule mtoto wako anahitaji nini, fundi apate muda wa kufanya kazi kabla ya muhula kuanza.