SOMO: MGUU ULIOTEGUKA – UPIME MBELE YA KURUDI KUCHEZA



Mwanzo wa juma vijana wanafika hospitali wakichechemea, sababu ya mchezo wa mpira. Mguu ulipinduka katika shimo, ao juu ya jiwe, ao mwenzake alimkanyaga. Wengi wanauliza neno moja tu: "Munganga, nitacheza tena siku gani?" Ni ulizo zuri, lakini siku peke yake haiwezi kujibu. Mguu wenyewe njo unajibu, kama tunajua kuupima.

Ushike neno hili: maumivu kuisha si alama ya kutosha kwamba mguu umepona. Mguu wa pili, ule mzima, ni kipimo chako.

1. NI NINI IMEUMIA?

Mifupa ya kifundo cha mguu inafungwa pamoja na kano. Ni nyuzi ngumu, sawa kamba. Mguu ukipindukia ndani, kano za upande wa nje zinavutwa kupita nguvu zake. Zingine zinapasuka kidogo, zingine zinakatika kabisa. Damu inavuja ndani ya nyama, na mguu unavimba na kugeuka rangi.

Lakini kuna jambo lingine lisiloonekana. Ndani ya kano kuna neva zinazojulisha ubongo namna mguu unavyosimama, hata katika giza. Mwaka 1965, waganga wa Uingereza, Freeman na wenzake, walieleza kwamba neva hizi zinaumia pamoja na kano. Waliwafundisha wagonjwa kusimama juu ya ubao unaoyumba, na miguu yao haikupinduka mara nyingi kama ya wengine. Basi tujue: mguu unaweza kukosa maumivu, na huku umesahau kazi yake.

2. KIPIMO CHA KWANZA: MFUPA UMEVUNJIKA?

Kipimo hiki kilitengenezwa Ottawa, nchi ya Kanada, na kilitangazwa mwaka 1992. Kinafaa sana pahali ambapo radio ni mbali. Bonyeza kwa kidole pahali hapa pane:

a) ukingo wa nyuma na ncha ya mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo, mpaka sentimeta 6 kwenda juu;
b) vivyo hivyo kwa mfupa wa upande wa ndani;
c) mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo;
d) mfupa wa juu ya wayo, upande wa ndani, mbele ya kifundo.

Kisha mwambie mgonjwa atembee hatua 4. Akichechemea si kitu, mradi aweke uzito juu ya mguu.

Kama mfupa unauma pahali pamoja tu pa hapo, ao kama hakuweza hatua 4 saa ile alipoumia na hata sasa hawezi, anahitaji picha ya radio. Mfunge mguu kwa vibao na vitambaa, asiukanyage, mpelekeni hospitali. Msikawie hata kidogo kama mguu umepindika vibaya, vidole ni baridi ao vimekufa ganzi, ao kuna kidonda na mfupa unaonekana.

Baba na mama, muangalie watoto zaidi. Mifupa yao ingali inakua, na pahali pa kukua panaweza kuvunjika kabla ya kano kukatika. Mtoto ambaye mfupa unamuuma apelekwe kwa munganga.

3. SIKU ZA KWANZA

Kama mfupa ni mzima, pumzisha mguu siku 2 ao 3. Weka kitambaa chenye maji baridi dakika 15 ao 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bandi, isikaze mpaka vidole vikafa ganzi. Ukilala, inua mguu juu ya mto.

Usiukande kwa nguvu wala kuuvuta "ili mfupa urudi", na usiuchome kwa maji ya moto. Kano zilizopasuka zitapasuka zaidi, na damu itavuja zaidi.

Kisha anza kuutumia polepole. Ukitembea na fimbo, uishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kila siku andika herufi hewani kwa vidole vya mguu. Maumivu yakipungua, jizoeze kuinua kisigino na kusimama kwa mguu mmoja. Mguu unaolazwa mwezi mzima pasipo kazi unakuwa mgumu na mzaifu.

4. VIPIMO VINE MBELE YA KUCHEZA

Vifanye siku unapotembea bila kuchechemea na uvimbe umekwisha. Vua viatu. Pima mguu mzima kwanza, kisha ule ulioumia, na uandike hesabu. Kipimo kimoja kikishindwa, usiende kwa kinachofuata. Rudia mazoezi, upime tena kisha juma moja.

KIPIMO 1: GOTI NA UKUTA. Simama mbele ya ukuta. Gusisha goti kwa ukuta bila kisigino kuinuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka pahali pa mwisho unapoweza. Pima toka kidole gumba mpaka ukuta. Tofauti ya miguu miwili ikipita sentimeta 2, kifundo kingali kigumu.

KIPIMO 2: KISIGINO. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyoka, vidole vya mikono vikigusa ukuta tu. Inua kisigino juu kabisa, ushushe, uhesabu mpaka uchoke. Mguu mzima ukifanya 20 na mwingine 10, nguvu bado ni nusu.

KIPIMO 3: KUSIMAMA. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha jaribu na macho yamefungwa. Mwenzako asimame karibu asikuache uanguke. Kwa macho yaliyofungwa hata mguu mzima unatetemeka. Angalia kama ule mwingine unashindwa mbele sana.

KIPIMO 4: KURUKA. Ruka mara 3 mbele kwa mguu mmoja, na mara ya mwisho usimame imara. Pima umbali wote. Mguu ulioumia ufikie sehemu 9 juu ya 10 za mguu mzima. Mzima ukifika sentimeta 400, ule mwingine ufike 360 ao zaidi.

Angalia: kama mguu wa pili nao uliteguka zamani, usiutegemee kuwa kipimo. Muulize muuguzi ao fundi wa mazoezi ya viungo.

5. MFANO

Tuseme kijana aliumia majuma 3 yaliyopita. Sasa haumwi. Siku ya Mungu timu yake inacheza mchezo wa mwisho wa kombe, na wote wanamtaka. Tunampima: mguu mzima unaruka sentimeta 420, ule ulioumia 300. Ni karibu sehemu 7 juu ya 10. Macho yakifungwa, anaanguka mara moja.

Kijana huyu asicheze. Ninyi wakubwa wa timu, msimpe vidonge wala sindano ya maumivu ili aingie uwanjani. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu, haiungi kano. Kombe litakuwako mwaka ujao. Lakini mguu unaopinduka kila mara unaweza kubaki hivyo miaka mingi, na mwisho kifundo kinachakaa. Tena mguu si wa mpira peke yake. Kwa mguu huo atasukuma chukudu, atabeba mizigo, atalima shamba la mlimani, atalisha watoto.

6. NJIA YA KURUDI

Akishinda vipimo vyote, arudi kwa ngazi: kutembea haraka; kukimbia moja kwa moja; kukimbia na kugeuka ghafula; mpira peke yake; mazoezi pamoja na wenzake; kisha mchezo. Siku moja, ngazi moja, si zaidi. Asubuhi mguu ukivimba ao ukiuma, ashuke ngazi moja. Zoezi la kusimama kwa mguu mmoja aliendeleze miezi mingi. Anaweza kulifanya hata akipiga meno mswaki. Na mbele ya kila mchezo, timu yote izibe mashimo na kuokota mawe uwanjani.

MAULIZO

1. Kwa nini mguu usiouma unaweza kupinduka tena?
2. Taja pahali pane pa kubonyeza, na hatua ngapi mgonjwa atembee.
3. Mguu mzima unaruka sentimeta 500, ule ulioumia 430. Acheze ao asicheze?
4. Utamjibu nini kapiteni anayeomba sindano kwa mchezaji?

Jibu la ulizo la 3: asicheze. Anahitaji 450.